Jambazi Hawezi Kuwa Jasiri

Mtu anaingia benki mchana kweupe, bunduki mkononi, walinzi wako mlangoni, na mkono wake hautetemeki hata kidogo. Tumwite jasiri? Wengi wetu tungesita kwanza, kisha tungekubali shingo upande: ubaya anao, lakini na moyo pia anao. Waandishi wa Kikristo wa Zama za Kati walikataa katakata. Kwao mtu huyo hana ushujaa hata chembe. Alicho nacho kinafanana na ushujaa kwa sura tu. Nimewasoma watu hawa kwa miaka mingi, na kadiri ninavyowasoma ndivyo ninavyozidi kuona kwamba ukweli uko upande wao. Sisi tumezoea kusifia fadhila mojamoja: huyu mchapakazi, yule mkweli, yule hana woga. Wao waliuliza: hiyo moja uliyoiona, imeshikana na zipi?

Orodha yenyewe kila mtoto wa Kikatoliki aliyepita darasa la Kipaimara ameikariri: busara, haki, nguvu (ndiyo ushujaa wenyewe), kiasi. Sisi tuliikariri kwa kuimba, katekista akitupigia mapigo mezani kwa rula. Tulipoulizwa tukazitaja, tukapata alama zetu, tukapakwa krisma. Hakuna aliyetuambia kwamba nyuma ya maneno manne yale kuna zaidi ya miaka elfu moja ya watu wenye akili kali wakibishana juu ya bei ya ngano, kazi ya mawakili, upendeleo katika kugawa vyeo, na namna ya kufa vizuri.

Mzizi wake si wa Kikristo. Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki, alizifundisha zote nne katika karne ya 4 KK, wanafalsafa walioitwa Wastoa wakazipokea, na Cicero, mwanasiasa wa Roma, akaziandikia kitabu kizima juu ya wajibu mwaka 44 KK, akakielekeza kwa mwanawe aliyekuwa masomoni Athene. Wayahudi waliosoma Kigiriki nao walizijua, ndiyo maana zimo zote katika Kitabu cha Hekima, sura ya 8, aya ya 7. Aya hiyo moja iliwapa Wakristo ruhusa waliyoihitaji.

Aliyeitumia ruhusa hiyo kikamilifu ni Ambrosi wa Milano. Alikuwa gavana wa Kirumi kaskazini mwa Italia, na mwaka 374 watu wa Milano wakampigia kelele awe askofu wao wakati hata ubatizo hajaupata. Ndiye anayetajwa kuwa wa kwanza kuziita nne hizi kwa jina la bawaba, jina ambalo limebaki nazo hadi leo. Kwa vile alitawala kabla ya kuchunga, kitabu chake juu ya wajibu wa watumishi wa Kanisa, alichokifuatisha makusudi na kile cha Cicero, kimejaa mambo ya nchi na watu wake.

Kuna habari moja humo ambayo siichoki. Roma ilikumbwa na njaa, na kama inavyotokea mara nyingi mjini njaa ikiingia, watu wakadai wageni wafukuzwe ili chakula kiwatoshe wenyeji. Mkuu wa mji, mtu mzima sana kwa umri, akawaita matajiri. Akawauliza: mbwa aliye mbele ya meza zetu hatumwachi na njaa, iweje binadamu tumfungie nje? Halafu akatoka kwenye huruma akaingia kwenye hesabu. Hao mnaotaka waondoke ndio wanaotulimia. Wakifa, itabidi tununue wengine wa kulima, na kumlisha mkulima ni rahisi kuliko kumnunua. Matajiri wakachanga, ngano ikanunuliwa, wageni wakabaki. Kando ya habari hiyo Ambrosi anaweka nyingine ya siku za karibu naye, ambapo Roma iliwafukuza kweli watu waliokuwa wameishi humo sehemu kubwa ya umri wao, wakatoka wakilia pamoja na watoto wao.

Mzee yule hakusema, "Moyo wangu unaniambia hivi, ila akili inaniambia vile." Hoja ya huruma na hoja ya mashamba zilimfikisha mahali pamoja. Kwa Ambrosi hiyo haikuwa bahati. Aliamini kwamba jambo lisilo la haki haliwezi kuwa na faida ya kweli, na kwamba anayeona faida ndani ya dhuluma ameona vibaya. Maana yake ni kwamba mtu dhalimu ana kasoro ya macho pia. Busara yake imeharibika pamoja na haki yake, hata kama bado ana digrii na washauri.

Augustino, Mwafrika wa Thagaste katika nchi tunayoiita leo Algeria, alibatizwa na Ambrosi huyohuyo mwaka 387. Mwaka uliofuata aliandika juu ya maadili ya Kanisa Katoliki, na humo akazikusanya fadhila nne katika kitu kimoja: upendo. Kiasi ni upendo unaojitoa mzima kwa yule anayependwa. Nguvu ni upendo unaovumilia yote kwa urahisi kwa ajili yake. Haki ni upendo unaomtumikia yeye peke yake, na kwa hiyo unatawala vingine vyote sawasawa. Busara ni upendo unaotambua kinachomsaidia kumfikia na kinachomzuia. Anayependwa hapo ni Mungu. Nilipousoma ukurasa huo mara ya kwanza nilikaa kimya nikaurudia, maana katika darasa la Kipaimara tulifundishwa maneno manne kama vyumba vinne vya kupanga, kila kimoja na mlango wake na mpangaji wake, na huyu mtu alikuwa amevunja kuta zote.

Na ndipo swali la jambazi linapopata jibu. Catilina, seneta wa Roma aliyepanga kuipindua serikali mwaka 63 KK, alisifika kwa kustahimili baridi, njaa na kiu. Alistahimili kweli. Augustino anamtaja katika ubishi wake na Juliano wa Eclanum, askofu aliyepingana naye, na kusema kwamba ustahimilivu ule haukuwa fadhila, kwa sababu ulitumikia uovu. Katika kitabu chake juu ya Mji wa Mungu anapeleka hoja mbele zaidi na kuigusa dola: ondoa haki, na falme zinabaki nini isipokuwa magenge makubwa ya wanyang'anyi? Anakumbusha jibu la haramia aliyekamatwa na Aleksanda Mkuu: mimi nafanya kwa chombo kidogo, naitwa mwizi, wewe unafanya kwa manowari nyingi, unaitwa mfalme.

Gregori Mkuu, Papa wa mwisho wa karne ya 6, akifafanua kitabu cha Ayubu, alifika kwenye upepo uliopiga pembe nne za nyumba na kuwaangukia watoto. Pembe zile, anasema, ni fadhila nne. Ni yeye pia aliyeandika kwamba fadhila moja bila nyingine ama si fadhila kabisa ama haijakamilika. Sentensi hiyo ilinakiliwa na kufundishwa katika shule za Ulaya hadi ikamfikia mtu aliyeifanyia kazi kuliko wote.

Huyo ni Thoma wa Akwino, mtawa wa shirika la Wadominiko aliyefariki tarehe 7 Machi 1274 akiwa njiani kwenda kwenye Mtaguso (mkutano mkuu wa Kanisa) wa Lyon. Katika sehemu ya pili ya kazi yake kubwa ya teolojia, aliyoiandika Paris, fadhila nne zinachukua maswali 124. Ukizihesabu unaona moyo wake ulikuwa wapi: busara ina maswali 10, nguvu 18, kiasi 30, na haki 66. Zaidi ya nusu ni haki. Humo kuna hakimu, mshtaki, shahidi na wakili. Kuna wizi, masengenyo, riba na kughushi bidhaa. Kuna swali kama mtu mwenye njaa ya kufa akichukua chakula cha mwenzake ameiba (Thoma anajibu hapana, maana katika dhiki kama hiyo mali ni ya wote). Anayedhani fadhila ni mapambo ya kadi za sala aanzie hapo.

Mfano ninaoupenda, na ambao sikubaliani naye, ni wa mfanyabiashara wa ngano. Mtu anapeleka ngano mahali penye upungufu, bei iko juu. Anajua kwamba nyuma yake wafanyabiashara wengi wanakuja na shehena zao, na wakifika bei itaanguka. Wanunuzi hawajui. Je, lazima awaambie? Cicero alikuwa ameshauliza swali hili kwa habari ya mtu aliyetoka Aleksandria kwenda kisiwa cha Rhodes wakati wa njaa, na akahukumu kwamba hapaswi kuwaficha. Thoma analegeza. Kasoro iliyojificha ndani ya bidhaa lazima uiseme. Kasoro inayoonekana, kama farasi mwenye jicho moja, unaweza kunyamaza mradi umepunguza bei. Lakini hizo ngano za wengine bado hazijafika, zinakuja tu, kwa hiyo anayeuza kwa bei aliyoikuta haelekei kuvunja haki. Ila akiwaambia, au akipunguza bei, atakuwa na fadhila tele zaidi.

Naiheshimu hoja hiyo, lakini nasimama na Cicero. Mama mwenye watoto nyumbani anayelipa akiba yake yote kwa gunia moja leo, wakati kesho kutwa angelipata kwa nusu, amenyang'anywa kitu, hata kama mizani ilikuwa sawa. Kinachonifurahisha ni kwamba Thoma mwenyewe ndiye aliyenipa silaha ya kumpinga. Ni yeye aliyefundisha kwamba fadhila kamili za utendaji zimeunganishwa, kwamba huwezi kuwa na mojawapo bila busara wala kuwa na busara bila hizo nyingine. Sasa, mtu mwenye kiasi katika kupenda pesa, mwenye busara ya kumtambua aliye mbele yake, atapata wapi ugumu wa kusema, "Subirini siku mbili, zinakuja nyingine"?

Katika swali la upendeleo Thoma halegezi hata kidogo. Ukimpandisha mtu awe mwalimu kwa sababu ana elimu ya kutosha, umetazama sababu inayostahili. Ukimpandisha kwa sababu ni Petro au Martino, kwa sababu ni yeye tu, umetenda dhambi dhidi ya haki ya kugawa. Niliwahi kukaa kwenye jopo la usaili, katika ofisi ambayo sitaitaja, ambako jina la mshindi lilikuwa linajulikana kabla hatujafungua barua za maombi. Kijana aliyeongoza kwa alama alikuwa wa pili kwenye orodha iliyopelekwa juu. Mkubwa mmoja wa jopo, mtu wa sala na mkarimu sana, alitusihi tutumie busara.

Maneno hayo yaliniuma kuliko upendeleo wenyewe, kwa sababu ndiyo matumizi ya kawaida ya busara kwetu: ukiambiwa uitumie, mara nyingi unaambiwa unyamaze. Kwa Thoma busara ina matendo matatu, kushauriana, kuamua na kuamuru, na kubwa kuliko yote ni la tatu. Ukishauriana mwaka mzima na kuamua vizuri kabisa bila kutenda, busara hujaifikia. Anajua pia kwamba iko ya bandia. Kuna mwizi hodari, anasema, ambaye kwa kufananisha tu tunaweza kumwita mwenye busara, kwa kuwa amegundua njia zinazofaa za kuiba. Ule ujanja wa kwenye jopo letu ulikuwa wa ukoo huo.

Kwenye nguvu, mafundisho ya Thoma yanageuza picha tuliyo nayo ya shujaa. Tendo kuu la nguvu ni kustahimili kuliko kushambulia. Anatoa sababu tatu. Anayestahimili anakabiliana na aliye na nguvu kumzidi, wakati anayeshambulia hujiona yeye ndiye mwenye nguvu. Anayestahimili hatari iko naye tayari. Kwa mshambuliaji bado inakuja. Na kustahimili kunachukua muda mrefu, ilhali mtu anaweza kushambulia kwa mhemko wa ghafla. Mashahidi wa Uganda wanaikamilisha hoja hii kwa namna ambayo Thoma hakuweza kuiona. Tunakumbuka moto wa Namugongo wa tarehe 3 Juni 1886. Tunasahau siku zilizotangulia, tangu walipohukumiwa Munyonyo, wakatembezwa wakiwa wamefungwa, wakakaa Namugongo wakingoja kuni zikusanywe. Vijana wale walikuwa na muda wa kubadili nia kila asubuhi. Karoli Lwanga alichomwa kwa moto wa polepole ulioanzia miguuni. Hakuna bunduki ya jambazi iliyowahi kudai kitu cha namna hiyo.

Na kwa sababu hiyo naamini nimewaona mashujaa wengi ambao hawatawekwa kwenye altare. Shangazi yangu alimuuguza mume aliyepooza hadi akamzika. Alimgeuza kitandani usiku ili asitoke vidonda, akampikia uji, akavumilia matusi yaliyoletwa na maumivu, na hakuwahi kusema mbele za watu kwamba amechoka. Tulimwita mvumilivu. Kwa kipimo cha Thoma angeitwa mwenye nguvu, na angewekwa mbele ya majemadari wengi.

Kiasi nitakipitia upesi, ingawa kimepewa maswali 30. Watu hukidhania kuwa ni kukunja uso, kumbe Thoma anahesabu kama kasoro hali ya kutohisi raha yoyote, na anasema asiyetaka kamwe kucheza wala kutania wenzake ana dhambi. Picha mbili zinatosha. Mchoraji Giotto, kwenye kanisa dogo la Scrovegni mjini Padova, lililowekwa wakfu mwaka 1305, alimchora Kiasi kama mwanamke mwenye lijamu mdomoni na upanga uliofungwa ndani ya ala yake. Adui aliyemwekea kwenye ukuta wa mkabala ni Hasira anayejirarua nguo. Mchoraji mwenzake Ambrogio Lorenzetti, mjini Siena mwaka 1338 na 1339, alimpa saa ya mchanga, na hiyo ni mojawapo ya picha za zamani kabisa za saa ya aina hiyo tulizonazo. Alimweka kwenye ukuta wa ukumbi wa wakuu tisa waliotawala mji, mahali ambapo wangemwona kila wakiinua macho kutoka kwenye makaratasi. Kwenye ukuta huohuo, kamba inatoka kwenye mizani ya Haki, inapita mkononi mwa Mapatano, na raia 24 wanaishika mmoja baada ya mwingine hadi kwa mzee anayewakilisha mji wao. Ningependa kila ukumbi wa baraza la madiwani uwe na ukuta wa namna ile.

Dante, mshairi wa Italia, naye aliziweka mbinguni katika utenzi wake. Anapotokea chini ya mlima wa toharani, ambao kwake uko upande wa kusini wa dunia, anaona nyota nne ambazo, anasema, hazijaonekana isipokuwa na watu wa kwanza. Mwishoni mwa mlima wanawake wanne wanamwambia kwamba hapa wao ni nimfa na mbinguni ni nyota, na tangu zamani wasomaji wamezielewa kuwa fadhila nne. Nuru ya nyota hizo inaangaza uso wa Cato, Mroma asiyemjua Kristo, ambaye Dante amempa ulinzi wa mlima. Thoma asingeshangaa sana: alifundisha kwamba zipo fadhila ambazo mtu yeyote huzipata kwa mazoezi, na zipo nyingine ambazo Mungu humimina, na za kwanza, ingawa si kamili, ni za kweli. Augustino angekunja uso.

Mjadala huu haujaisha. Kanisa linapochunguza kama mtu aliishi kitakatifu, mashahidi huulizwa juu ya imani, matumaini na mapendo yake, kisha juu ya busara, haki, nguvu na kiasi, moja baada ya nyingine. Ndivyo inavyofanyika kwa Mwalimu Julius Nyerere, ambaye mchakato wake ulianzishwa na Jimbo la Musoma mwaka 2005, naye sasa anaitwa Mtumishi wa Mungu. Kuhusu kiasi, mashahidi hawatapata shida. Aliishi na kuondoka madarakani mwaka 1985 bila utajiri. Shida iko kwenye busara. Katika miaka ya 1970 mamilioni ya watu walihamishiwa vijijini, wengine kwa nguvu, na vyama vya ushirika vikavunjwa. Kwa mafundisho niliyoeleza, huwezi kumtetea kwa kusema alikuwa na haki tele ila busara ilimpungukia, maana moja ikikosekana nyingine inayumba.

Lakini Thoma huyohuyo anasema hakika ya busara haiwezi kuwa kubwa kiasi cha kuondoa wasiwasi wote, kwa kuwa mambo ya wanadamu hayana idadi. Anaigawa busara katika sehemu nane, akianza na kumbukumbu. Nyingine ni utayari wa kufundishwa, na anaongeza kwamba hata wakubwa lazima wafundishike katika baadhi ya mambo, kwa maana hakuna anayejitosheleza. Mwaka 1984, akiwa bado Rais, Mwalimu alisema kwamba kama angeanza upya asingefuta serikali za mitaa wala kuvunja ushirika. Kama kauli hiyo ni ushahidi wa busara aliyokuwa nayo, au wa busara iliyokuja baada ya watu kuumia, ndilo swali ambalo ningependa mashahidi waulizwe kwa muda mrefu, pamoja na wale waliohamishwa.